GTA V na FC 24 kwenye laptop ya i5, RAM 4GB na Intel HD 4000

Umeuliza kama laptop hiyo itacheza GTA V na FC 24 (gemu ya mpira ya EA). FC 24 sahau kaka, GTA V itawaka ila kwa kukwamakwama, San Andreas na PES 2013 utacheza bila shida. Tatizo kubwa sio prosesa yako ya i5, ni grafiksi (sehemu inayochora picha), HD 4000 ya 2012 haina memori yake yenyewe inakopa kwenye RAM, kwa hiyo hizo 4GB Windows na gemu na grafiksi zote zinagombania humohumo, wakati FC 24 inataka angalau RAM 8GB, kadi ya grafiksi kama GTX 1050 Ti yenye memori yake ya 4GB na nafasi ya 100GB kwenye diski. San Andreas ya 2005 iliomba RAM 256MB tu na kadi ya 64MB, ona tofauti.

Kabla hujamaliza bando kupakua kitu bonyeza Windows+R, andika dxdiag, ingia Display uone jina la kadi halafu linganisha na mahitaji ya chini ya gemu. Ukiongeza RAM weka vijiti viwili vya 4GB sio kimoja cha 8, hapo HD 4000 inachangamka kweli, nilifanya hivyo kwenye mashine kama yako GTA V ikachezeka kwa 720p (picha ya ubora wa chini) na setingi za chini kabisa. FC 24 bado haitakubali.