Kisu cha babu kimeshika kutu: usikimbilie mashine

Ndugu yangu wa Kondoa, uliyeuliza ufanyeje na kisu cha babu yako chenye kutu na mpini unaocheza, pole. Kisu kukaa ndani ya ala ya ngozi miaka mingi lazima kishike kutu, ngozi inatunza unyevu.

Usikipeleke kwenye jiwe la umeme! Changu, alichoniachia baba, kilinolewa hivyo hapa Dodoma mjini. Cheche zikaruka, makali yakageuka bluu, na tangu siku hiyo hata nyanya hakikati. Chuma kikiungua hivyo kinalainika.

Kipake mafuta ya taa, mbali na moto, kilale usiku mzima. Kisugue taratibu kwa stilwaya, kioshe, kikaushe, unoe kwa mkono. Malizia na mafuta ya cherehani. Alizeti yetu tamu kwenye mboga, ila kwenye chuma inaganda kama gundi.

Mpini unaocheza mwachie seremala, na mwambie asiubadilishe, aukaze tu.