Hamisha kazi kwanza, Windows utaiacha baadaye

Tangu Microsoft waache kuihudumia Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, ndugu na majirani hapa Tanga wananiuliza swali lile lile: "Sasa hii kompyuta niifanyeje?" Usiitupe, na usikimbilie kuiuza kwa bei ya kuokota. Mashine nyingi za majumbani kwetu, kuanzia Makorora hadi Raskazone, ni za mtumba. Utakuta EliteBook 840 G3, ThinkPad T460 na nyingine za rika hilo, zenye prosesa ya Intel ya kizazi cha sita. Windows 11 inataka kizazi cha nane kwenda mbele pamoja na TPM 2.0, ile chipu ya usalama ndani ya mashine, kwa hiyo mashine nzima kabisa inabaki mlangoni. Fundi anaweza kukulazimishia, lakini Microsoft hawakuahidi kwamba mashine hiyo itaendelea kupata masasisho ya usalama, na masasisho ndiyo uliyokuwa unayatafuta.

Sisi nyumbani tumehamia Linux, mfumo wa bure unaoshika nafasi ya Windows, toleo la Mint, na ninalipendekeza kwa moyo wote. Ila watu wengi wanaoshindwa na Linux wameanzia mkiani. Wanafuta Windows jioni, na kesho yake asubuhi kila mtu nyumbani ni mgeni kwenye kompyuta yake mwenyewe. Anza na kazi. Mfumo uache uje mwisho.

Kaeni pamoja, kila mmoja aseme anafanya nini kwenye ile kompyuta. Msitaje majina ya programu, tajeni kazi. Kwetu, mke wangu ni mweka hazina wa kikoba na hesabu zote ziko kwenye Excel. Binti yuko kidato cha tatu, anasoma mitihani ya nyuma ya NECTA kwa PDF na kuandika kazi za shule. Mimi naandika barua, natuma ritani za TRA kwa kivinjari, nachapa. Ukishajua hayo, sakinisha LibreOffice ya kazi za ofisi, kivinjari cha Firefox, VLC ya video na muziki na Thunderbird ya barua pepe humo humo kwenye Windows yako ya sasa. Zote hizo zipo kwenye Windows na kwenye Linux. Zitumieni mpaka pasiwe na mtu anayeuliza kitufe fulani kiko wapi. Siku ya kubadili mfumo, vitu mnavyovigusa kila siku vitakuwa ni vile vile.

Hapa ndipo faida ya kutokuwa na haraka inapoonekana. Faili la kikoba lilikuwa na makro, yaani amri zilizoandikwa ndani ya Excel zijiendeshe zenyewe, ya kupiga riba na gawio la kila mwanachama. LibreOffice inafungua mafaili ya Excel na fomula za kawaida zinafanya kazi vizuri, lakini makro za Excel si zote zinazokubali, na ile yetu ilikataa. Mke wangu akaniambia, "Baba Zuhura, hizi ni fedha za watu. Sihami mpaka hesabu zilingane." Akaiandika upya ile hesabu kwa fomula za kawaida, akawa anajaza mafaili mawili sambamba, la zamani na jipya, hadi shilingi zikalingana kwa kila mwanachama. Windows bado ilikuwapo, kwa hiyo hakuna kikao cha kikoba kilichoharibika. Tangu hapo kila anayeniuliza namwambia: kazi yenye fedha za watu ndiyo ihame mwisho kabisa.

Kama mkate wako unatokana na Photoshop, AutoCAD au QuickBooks ile ya kusakinishwa, baki ulipo. Programu hizo hazina toleo la Linux. Ipo Wine, inayojaribu kuendesha programu za Windows ndani ya Linux, na baadhi inaziweza, lakini usiiwekee dhamana kazi ya mteja. WhatsApp tumia ile ya kwenye kivinjari, inatosha.

Kuna suala la steshenari. Hati iliyoandikwa kwa Calibri au Times New Roman ukiifungua kwenye LibreOffice ya Linux itaonyeshwa kwa fonti mbadala. Carlito inashika nafasi ya Calibri, na Liberation Serif nafasi ya Times New Roman. Upana wa herufi umelinganishwa, kwa hiyo mistari haihami sana, ila majedwali huyumba mara nyingine. Ukienda kuchapa barua ya maombi ya kazi huko mjini, peleka PDF. LibreOffice inakutolea PDF kwa kubofya mara moja, na itachapwa kama ulivyoiona nyumbani.

Na ukirudi na flashi kutoka steshenari, utafurahi. Vile virusi vinavyoficha mafolda yako na kukuachia njia za mkato haviwezi kuendeshwa kwenye Linux kwa sababu vimeandikwa kwa ajili ya Windows. Utayaona mafolda yako halisi pamoja na takataka zenyewe. Zifute usije ukampelekea mwenzako.

Ukiwa tayari, pakua Mint. Faili lake linakaribia GB 3, kwa hiyo ngoja bando la usiku. RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ikiwa GB 4 chukua toleo jepesi la Xfce, ikiwa GB 8 chukua Cinnamon. Liandike kwenye flashi ya GB 8 kwa kutumia programu ya Rufus au balenaEtcher, kisha iwashe mashine kutoka kwenye flashi. Mint itafunguka bila kugusa chochote kwenye diski. Humo jaribu Wi-Fi, sauti, kamera, na hasa printa. Chapa ukurasa mzima, usiridhike kuona jina la printa limetokea. Wi-Fi ikigoma, chomeka simu kwa waya wa USB na ugawe intaneti. Kwa kawaida Linux inaikubali hapo hapo, na kwa intaneti hiyo utapakua draiva inayokosekana, ile programu ndogo inayokiendesha kifaa.

Kwenye kusakinisha, njia ninayoiamini kuliko zote ni kununua SSD mpya, ile diski ya kisasa yenye kasi, kuitoa diski ya zamani na kuihifadhi kama ilivyo. Nafasi ya kupoteza picha za harusi inakuwa haipo, na mashine yenyewe inachangamka. Kama hiyo haiwezekani na unataka mifumo miwili kwenye diski moja, nakili kwanza kila kitu nje. Angalia kama BitLocker, kufuli la Windows linaloificha diski kwa msimbo, imewashwa na uuandike ufunguo wake kwenye karatasi. Zima kipengele cha Windows cha kuwaka haraka (Fast Startup), kwa sababu kinaiacha diski nusu usingizini na Linux itakataa kuandika humo. Betri iwe imejaa, maana umeme ukikatika katikati ya kugawa diski utalia.

Wenye mifumo miwili wataona pia saa ya Windows imerudi nyuma saa tatu. Mashine haijaharibika. Linux inaweka saa ya ndani ya kompyuta kwa saa ya dunia, UTC, Windows inaisoma kama saa ya hapa, na sisi tuko saa tatu mbele. Fungua dirisha la amri kwenye Mint, andika timedatectl set-local-rtc 1, yameisha.

Jambo moja linanipa fahari. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. LibreOffice ilizaliwa kutoka OpenOffice hiyo hiyo mwaka 2010. Kazi hii ina mikono ya watu wa kwetu ndani yake, na natamani vijana waiendeleze.

La mwisho ni Timeshift, inayokuja na Mint. Iwashe siku ya kwanza, maana sasisho likiharibu kitu inaurudisha mfumo ulivyokuwa jana. Ila ilivyopangwa tangu mwanzo hainakili nyaraka wala picha zako, inanakili mfumo tu. Hesabu za kikoba zinataka flashi yake ya pembeni, na kwetu anayeitunza ni mweka hazina mwenyewe.