Andika saa kwanza, jina la wingu baadaye

Nimekuwa nikiandika daftari la anga kwa miaka sita, nikiwa uani kwetu Walukuba, mjini Jinja, na ukurasa unaonitia haya kuliko zote ni ule wenye maneno haya tu: "Saa 3, ndege, mkia mrefu sana." Siku hiyo niliona mstari mweupe ukikata anga kutoka upande wa ziwa hadi kaskazini, nikafurahi, nikaandika, nikaenda zangu kazini. Jioni jirani yangu, mzee aliyestaafu kazi ya reli, alinijia akiwa na hasira: "Mwanangu, hiyo ni dawa wanatumwagia." Nikamwambia asubiri nimtafutie ndege hiyo katika programu ya simu inayohifadhi njia za ndege, maana ndege nyingi za abiria hutangaza mahali zilipo kwa redio zikiwa safarini. Hapo ndipo nilipokwama. Programu ile hutumia saa ya Greenwich, simu yangu husoma saa ya Afrika Mashariki, nami nilikuwa nimeandika saa ya Kiswahili. Kwa hiyo saa tatu asubuhi ilikuwa 9:00 kwenye simu na 6:00 kwenye programu, na ile "3" ya daftarini haikusema ni ipi kati ya hizo. Nilifungua saa isiyo yake, nikakuta anga tupu, na mzee akaondoka akiamini kwamba ndege ile ilikuwa imejificha.

Tangu siku hiyo, jambo la kwanza ninaloandika ni saa pamoja na dakika, kwa Kiswahili na kwa Greenwich, kabla sijaamua hata kidogo kile ninachokiona ni nini. Mtu akishaandika "dawa" au "kimbunga", macho yake hutafuta ushahidi wa neno hilo na kuyapita mengine yote.

Kuhusu mikia yenyewe, inafaa kujua inavyotokea, kwa sababu hilo ndilo linalokuonyesha cha kuandika. Kila kilo moja ya mafuta ya ndege inayoungua hutoa takriban kilo moja na robo ya mvuke wa maji. Mvuke huo ukikutana na hewa yenye baridi ya nyuzi 40 hivi chini ya sifuri, huganda papo hapo ukawa chembe za barafu, kama pumzi inavyoonekana mdomoni asubuhi ya baridi kule Kabale, ila huku juu huwa ni barafu badala ya matone. Huku kwetu kwenye ikweta, hewa iliyo kilomita 10 juu huwa bado kwenye nyuzi 35 hivi chini ya sifuri, na ndiyo maana ndege nyingi hupita bila kuacha kitu, ilhali nyingine iliyo kilomita 12 juu huacha mkia mnene dakika chache baadaye. Zinazoshuka kuelekea Entebbe ziko chini mno, kwenye hewa ya joto. Kwa hiyo andika kama mkia ulianza mbali na injini au karibu nayo, kisha urudi kuutazama baada ya dakika 10, kwani Atlasi ya Kimataifa ya Mawingu, katika toleo lake la 2017, huuhesabu mkia uliodumu angalau dakika hizo kuwa wingu kamili lenye jina lake. Mkia unaotoweka mara moja unaonyesha hewa kavu. Unaotanda unaonyesha hewa iliyojaa unyevu. Wapo wanaosema mkia mrefu ni dalili ya mvua, lakini mimi siutegemei, kwa kuwa mvua nyingi za Jinja huzaliwa chini hapa, ziwani usiku na nchi kavu alasiri.

Ukubwa nao usiukisie kwa maneno matupu. Nyoosha mkono na ukunje ngumi: upana wake ni kama nyuzi 10 za pembe angani, na kidole kidogo ni nyuzi moja. Mvua ya mawe ikinyesha, weka punje kando ya rula upige picha kabla haijayeyuka, kwa maana "kubwa kama yai" ya shangazi yangu niliwahi kuipima, ikawa maharage.

Radi ikianza, hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo, ukigawa kwa tatu upate kilomita. Lakini hesabu ukiwa ndani ya nyumba. Juni 2011 radi iliwaua wanafunzi 18 katika shule moja ya msingi wilayani Kiryandongo, na hakuna ukurasa wa daftari unaostahili hatari hiyo. Kamera pia usiielekeze kwenye kambi wala uwanja wa ndege. Mimi niliwahi kueleza habari za mawingu kwa askari kwa saa mbili nzima.

Mzee hajabadili mawazo kuhusu dawa. Hata hivyo juzi alinigongea dirisha: "Mwanangu, andika, saa tatu na dakika nane, asubuhi." Nilipoifungua programu, ndege ilikuwapo, mita 11,900 juu.