MWULIZE MCHORA MABANGO: Mkeka wa Mafia, mtungi wa Athens

*Shikamoo Mwalimu. Binti yangu yuko kidato cha tatu, anasoma sanaa. Juzi kaja na kitabu chenye picha mbili. Moja ni mtungi wa Wagiriki wa kale uliozungushiwa nakshi za ngazi ngazi. Nikamwambia, mbona huu ni mkeka wa bibi yako! Ya pili ni miraba ya nyekundu, bluu na njano ya mzungu anaitwa Mondrian. Hiyo mdogo wake wa chekechea angeichora kabla uji haujapoa. Je, Wagiriki walikuja huku kuiga? Na huyo wa pili anasifiwa kwa lipi?*
Mama wa kidato cha tatu, Mbagala

Marahaba, mama. Swali lako limenirudisha Kilindoni, Mafia, barazani kwa shangazi yangu. Alikuwa akisuka huku anahesabu chini chini, mbili juu, mbili chini, na ukimsemesha katikati unakula kibao. Siku moja nilimwomba anisukie duara. Akacheka. "Ukindu haujui duara," akasema. Kweli haujui. Ukili unakwenda mshazari, kila jani linapanda juu ya wenzake kisha linazama, na ukitia rangi kwa zamu utapata ngazi, pembetatu na zigizaga, utake usitake.

Mfinyanzi wa Athens naye alikuwa na bwana wake, gurudumu. Mtungi unazunguka, yeye anagusisha brashi tu, mstari unafunga mwili mzima. Ndiyo maana mitungi ya enzi ile, kati ya mwaka 900 na 700 KK, imevishwa mikanda toka shingoni hadi kitakoni. Lakini ile ngazi inayojikunja kuingia na kutoka, ambayo leo utaiona kwenye mashati ya Versace pale Kariakoo (ya kweli na ya "kweli"), gurudumu halikulazimishi kuichora. Ilichorwa kwa mkono, pembe baada ya pembe. Wapo wataalamu wanaosema wafinyanzi waliichukua kwa wasukaji na wafumaji. Mimi kwa ajili ya shangazi nipo upande wao.

Kuiga kutoka kwetu, hapana. Mabaharia wa Kigiriki walikuja kuijua pwani hii, wakaandika habari za bandari waliyoiita Rhapta, lakini hiyo ni karne ya 1 baada ya Kristo. Mitungi ilikuwa imeshakaa makaburini miaka zaidi ya mia saba.

Sasa mwambie binti atafute mtungi mmoja mkubwa unaoitwa wa Dipylon, uko makumbusho ya taifa ya Athens. Umefinyangwa yapata mwaka 750 KK, kimo chake mita 1.55, pengine anaupita kidogo tu. Haukuwa wa maji. Ulisimamishwa juu ya kaburi la mwanamke. Ukitaka kuusoma, usome kama khanga: mikanda yote ile ni pindo, na kati ya masikio mawili ya mtungi ndipo penye mji. Na kwenye mji pana msiba. Maiti amelazwa kitandani, watu wamepanga mstari kulia na kushoto, mikono kichwani.

Mikono kichwani, mama! Kifua cha kila mmoja ni pembetatu nyeusi iliyosimama kwa ncha, na viwiko vilivyokunjwa vimefunga umbo jingine kuzunguka kichwa. Hakuna chozi, hakuna mdomo ulioachama. Nimekaa misiba mingi hapa Magomeni, na ukikosa kiti cha mbele ukaketi nyuma kabisa ya turubai, nyuso huzioni. Unaona maumbo hayo hayo. Tangu nilipoutazama mtungi ule vizuri sijawahi tena kumwambia mtu kwamba pembetatu haina huzuni.

Nije kwa Mondrian wako. Ni Mholanzi, alizaliwa 1872, akaanza na miti, mito na vinu vya upepo kama mchoraji mwingine yeyote. Binti akipata picha zake za miaka ya 1908 hadi 1912 azipange kwa mfuatano. Ataona mti ukipukutisha majani, matawi yakawa matao, matao yakawa vijistari, mpaka mti wenyewe ukaondoka. Baadaye alibaki na mistari ya kulala na kusimama, na rangi zile tatu pamoja na nyeusi, nyeupe na kijivu. Kwa maneno yangu mimi, alichukua pindo akatupa mtungi. Na hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu. Mkeka ukikosewa nakshi, bado utaulalia. Mtungi wenye mkanda uliopinda bado unashika maji. Picha yake ikikosewa haina pa kujitetea.

Hili nililijua kabla sijalisoma. Niliwahi kuandika bango la duka la dawa mtaa wa Msimbazi, nikaweka mraba mwekundu pembeni, nikajisifu. Mwenye duka, mtu asiyejua lolote la sanaa, akatazama akasema, "Fundi, bango linadondoka." Nikausogeza mraba vidole vinne kushoto. Akalipa.

Kwa hiyo mpe yule wa chekechea makaratasi ya rangi na vipande vya kamba nyeusi, umwambie apange mpaka pasidondoke kitu. Akiweza kabla ya uji kupoa, niletee huyo mtoto. Wala sikufichi, picha nyingine za Mondrian zinanichosha na mimi. Zile za mwisho, alipohamia New York, mistari imeanza kuchezacheza kama taa za magari usiku, hizo ndizo nazipenda.

*Mwalimu, nachora Mwenge. Nilimuuzia mteja picha ya maumbo matupu, miduara na mistari. Nimealikwa kwake nikaikuta sebuleni imegeuzwa, juu iko chini. Nimwambie au ninyamaze?*
Mchoraji mwenye aibu

Usione haya. Huyo huyo Mondrian yamemkuta. Mwaka 1941 alitengeneza kazi kwa tepu za rangi, inaitwa New York City I. Akafariki 1944 bila kuitia sahihi. Ikaonyeshwa New York mwaka 1945, baadaye ikaenda Düsseldorf, Ujerumani, na mwaka 2022 ndipo makumbusho yakatangaza kwamba inaelekea siku zote ilikuwa imetundikwa juu chini. Ushahidi mmojawapo ni picha ya studio yake iliyopigwa mwaka ule aliofariki: ipo juu ya kiegemeo, na mistari iliyosongamana iko juu badala ya chini. Na hawakuigeuza! Tepu zimezeeka, wanaogopa zitabanduka.

Yako ni ya rangi ya mafuta, haibanduki. Mwambie huku mnakunywa chai, wala usimwambie mbele ya wageni wake. Akisema anaipenda hivyo hivyo, mwachie, kalipa. Kuanzia leo chora mshale nyuma ya ubao kabla picha haijatoka mlangoni.

*Mwalimu, mwenzangu darasani anasema ukitumia rula na bikari hiyo ni hesabu, siyo sanaa.*
Mwanafunzi, Temeke

Mwambie amechelewa kama miaka elfu tatu. Kuanzia yapata mwaka 1050 KK wafinyanzi wa Athens walifunga brashi kadhaa kwenye bikari moja, wakizungusha mara moja inatoka miduara iliyobebana, safi. Alama ya ncha ya bikari bado inaonekana katikati ya miduara hiyo. Na karibu na wakati wetu, kuanzia 1968, Mmarekani Sol LeWitt alikuwa anaandika maelekezo tu, wengine ndio wanapanda ukutani na penseli na rula, na kazi inahesabiwa ni yake.

Nami nikajaribu mtindo huo. Nikamwachia kijana wangu wa kazi maelekezo ya bango la kinyozi: chora miduara miwili chini, mistari miwili ipishane juu yake, mkasi huo. Niliporudi kutoka sokoni nikakuta baiskeli.