Saa Moja Baada ya Mhadhara

Nilipopokea ratiba yangu ya kwanza ya chuo nilidhani nimepewa nusu ya wiki kuwa mapumziko. Mihadhara ilikuwa michache, Jumatano mchana ilikuwa tupu, na hapakuwa na mwalimu wa kuniuliza kwa nini daftari langu halina kitu. Shuleni siku yangu ilikuwa imepangwa na watu wengine kuanzia kengele ya kwanza hadi ya mwisho. Muhula ulikuwa umekaribia kwisha nilipotambua kwamba nafasi zile tupu ndizo zilizokuwa masomo yenyewe, na kwamba humohumo ndimo urafiki wa chuoni unamojengwa au kukosekana.

Jambo hili kwa kawaida huelezwa katika miongozo ya kozi, ambayo wengi wetu hatuisomi. Katika mfumo wa krediti, yaani vipimo vya kiasi cha kazi ya kozi, unaotumiwa na vyuo vikuu vya Ulaya, kwa mfano, mwaka mzima wa masomo huhesabiwa kuwa kazi ya saa 1,500 hadi 1,800, na ndani ya hesabu hiyo zimo saa za kujisomea. Mwanafunzi anayehudhuria kila mhadhara na kuishia hapo hajafanya kozi; amesikiliza utangulizi wake.

Mimi sikuwa mvivu, na ndiyo maana matokeo ya jaribio la kwanza la takwimu yaliniumiza sana. Nilikuwa nimesoma kurasa zote mara tatu na kuzipaka wino wa njano. Nikiwa katika chumba cha mtihani niliweza kuuona ukurasa wenye kanuni niliyoulizwa: ilikuwa juu, upande wa kushoto, chini ya mchoro, imezungushiwa njano. Nilikumbuka mahali ilipo, rangi yake, hata kona ya karatasi iliyokunjika, lakini kanuni yenyewe haikuja. Nilichokuwa nimefanya wiki nzima ni kuuzoea ukurasa, na kuuzoea ukurasa si kuujua.

Baadaye nilisoma kwamba wataalamu walikuwa wamelichunguza jambo hilo zamani. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyechapisha mwaka 1885 matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe, alionyesha kwamba sehemu kubwa ya tulichojifunza hupotea katika saa na siku za mwanzo, kisha kasi ya kusahau hupungua. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Waliorudia kusoma walikumbuka zaidi walipopimwa baada ya dakika 5, ilhali wiki moja baadaye waliokumbuka zaidi ni wale ambao, badala ya kusoma tena, walikuwa wamejaribu kuandika walichokumbuka bila kutazama. Kurudia kusoma hukupa utulivu wa moyo usiku wa kuamkia mtihani. Kujiuliza maswali hukupa majibu siku unapoyahitaji.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu: saa inayofuata mhadhara usiigawe kwa jambo lingine. Tafuta kiti, fungua ukurasa mpya, funika maandishi yako, na uandike kwa maneno yako mwenyewe yale uliyoyaelewa, kisha funua na uweke alama palipo na pengo. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo niliandika mistari minne tu kuhusu mhadhara wa saa mbili, na nilihuzunika. Lakini mapengo yale yalikuwa ndiyo maswali yangu, na nilipoyapeleka ofisini kwa mhadhiri katika muda aliotenga kwa wanafunzi, alinieleza kwa dakika kumi kitu ambacho nilikuwa nimekihangaikia kwa wiki mbili. Nenda na swali lililoandikwa. Mwanafunzi anayesema kwamba hajaelewa chochote ni vigumu kumsaidia, hata kwa mhadhiri mwenye moyo mwema.

Kuhusu maisha ya pamoja na wenzako, kosa langu lilikuwa la haraka. Kwa hofu ya kubaki peke yangu nilijiunga na vyama vitatu na kukubali kila mwaliko, na kufikia wiki ya tano nilijua majina ya watu wengi mno, ila siku niliyofeli jaribio lile sikuwa na hata mmoja wa kumweleza. Mtafiti wa Marekani Jeffrey Hall, katika utafiti uliotoka mwaka 2018, alikadiria kwamba watu huhitaji yapata saa 50 za kuwa pamoja ili kutoka kufahamiana tu hadi urafiki wa kawaida, na zaidi ya saa 200 ili wawe marafiki wa karibu. Saa hizo hazipatikani kwa kusalimiana na umati. Zangu zilipatikana kwa wenzangu wawili tuliokuwa tukikaa safu moja kwenye mazoezi ya takwimu, ambao nilianza kuwaonyesha mapengo yangu nao wakanionyesha yao. Kaa mahali palepale kila wiki, jifunze jina la aliye karibu nawe, na umuulize ni wapi pamemshinda. Ukialikwa usiku ambao una kazi, kataa kwa kutaja siku nyingine, kwa sababu anayesema hapana bila kuongeza neno huacha kualikwa. Na usingizi usiuguse; mambo uliyojifunza mchana huimarika ubongoni unapolala.

Labda unasoma haya muhula ukiwa umefika katikati na umeshabaki nyuma. Usirudi ukurasa wa kwanza, kwa kuwa utakuwa unakimbiza kozi inayozidi kusonga mbele. Anza na mhadhara wa kesho: hudhuria, andika ulichokumbuka, weka alama kwenye mapengo. Kisha chukua saa moja kila siku kwa ajili ya yaliyopita, ukianzia na yale ambayo mhadhara wa kesho umeyategemea, na umwombe mwenzako wa safu yako mkae pamoja saa hiyo.