Waulize Mafundi: Redio ya Morris imetoa moshi

SWALI: Assalaam aleikum mafundi. Nina Morris Minor ya 1964 niliyoachiwa na baba mkubwa, pamoja na redio yake ya transista iliyokuwa ikilia vizuri tu. Juzi nilitoa dinamo nikafungiwa alternata. Tangu siku hiyo redio ikiwashwa inakata fyuzi ya ampia 2. Kijana mmoja akaweka ya ampia 10. Haikukatika, ila redio ikafuka moshi. Je, nitoe matumbo yote niweke bodi ya Bluetooth?
*Msomaji, Chumbageni, Tanga*

JIBU: Waaleikum salaam. Usitoe kitu kwanza. Morris hiyo ilitoka kiwandani ikiwa na chanya kwenye bodi ya gari. Aliyekufungia alternata aligeuza betri, kwa sababu alternata za kawaida zinataka hasi ndiyo iwe ethi, yaani upande wa betri unaofungwa kwenye bodi ya gari. Redio haikuambiwa. Umeme umeingia kinyume, na fyuzi ya ampia 2 ilikuwa inakukinga kila ilipokatika. Ya ampia 10 ndiyo iliyoruhusu moshi.

Fungua kifuniko utazame kapasita kubwa za elektroliti, vile vikopo vinavyohifadhi umeme. Kama mguu wa chanya ndio uliochomelewa kwenye bati la redio, basi hiyo ni ya ethi chanya. Redio nyingi za Uingereza za miaka hiyo zina kijiplagi au kibao chenye alama za + na −, kinachogeuzwa kufuata gari. Kama yako inacho, kigeuze kabla ya jambo jingine lolote. Kama haina, tafuta kigeuza umeme cha volti 12 kwenda volti 12 ambacho upande wa kutoka hauungani kabisa na upande wa kuingia, cha ampia 2 hivi. Kifungie ndani ya kiboksi cha bati mbali na waya wa antena, la sivyo utausikia mluzi wake kwenye mawimbi ya kati. Wapo wanaoitenga redio na bodi kwa vipande vya mpira. Sisi hatupendi: ganda la waya wa antena linagusa bodi, na boliti moja ikilegea ni shoti.

Sasa uharibifu. Pima vitu vinne kwa mita: koili ndogo ya pale umeme unapoingilia, kapasita za elektroliti, transista kubwa ya kutoa sauti, na rezista ndogo iliyo kwenye emita yake (transista ina ncha tatu: emita, besi na kolekta), ambayo mara nyingi ni ya nusu ohm hadi ohm 1. Hii ya mwisho huungua kimya kimya, rangi haibadiliki, ila mita inaonyesha imekatika.

Transista kubwa za wakati huo ni za jerimani (jerimaniamu, si silikoni ya siku hizi), aina ya PNP, mfano AD149. Weka mita kwenye alama ya dayodi, waya mweusi kwenye besi, mwekundu kwenye emita, kisha kwenye kolekta. Nzima inasoma kama 0.15 hadi 0.3, ukizoea silikoni na 0.6 yake utadhani imekufa. Kati ya kolekta na emita ikisoma sifuri, hiyo imekwenda. Ganda lake lenyewe ndilo kolekta, kwa hiyo ukifunga mpya rudisha karatasi ya maika iliyo chini yake, inayozuia umeme usipite, paka dawa ya kupitisha joto nyembamba pande zote mbili, kisha hakikisha kwa mita kwamba ganda haligusi bati.

Kapasita badilisha zote hata zilizo salama kwa macho. Thamani ileile, volti 25, zilizoandikwa 105 °C. Chanya yake inaelekea kwenye bati katika redio hii. Vijana wengi wanakosea hapo kwa mazoea.

Usiiwashe moja kwa moja. Pitisha umeme kwenye balbu ya indiketa ya wati 21 iliyofungwa mfululizo na redio. Ikiwaka hafifu, sawa. Ikiwaka kwa nguvu zote, bado kuna shoti, zima. Na spika iwe imeunganishwa, yenye ohm zilizoandikwa kwenye redio: ukiwasha bila spika, mkupuo wa koili ya kutokea unaweza kuua transista uliyonunua leo.

Mwisho, pima volti juu ya ile rezista ya emita. Ikiwa ni ya nusu ohm na mita inasoma 0.3, transista inakula ampia 0.6. Rekebisha mkondo huo ufuate tarakimu ya mchoro wa redio yako, ukianzia chini. Iache ilie dakika 20 huku ukitazama mita. Jerimani ikipata joto huvuja zaidi, ikivuja huzidi joto, na gari lililoegeshwa juani Tanga halihitaji kusaidiwa. Namba ikiendelea kupanda bila kutulia, zima, rudi kwenye maika na bati la kupozea.

SWALI: Redio ya Peugeot 404 yangu inavuma tu, hakuna kituo. Nikigusa mguu wa kati wa kitufe cha sauti kwa bisibisi inakoroma. Fundi anasema koili za ndani zimehama, anataka kuzizungusha.
*Msomaji, Dunda, Bagamoyo*

JIBU: Mzuie kaka. Mkoromo huo unaonyesha upande wa sauti ni mzima. Ugonjwa uko nyuma yake. Koili zikishazungushwa bila kifaa cha kupimia, utakuwa na magonjwa mawili.

Angalia kama kuna transista ndogo zilizoandikwa AF114 hadi AF117. Zina miguu minne: mmoja, wa kolekta, umekaa mbali kidogo na wenzake, na wa jirani yake umeunganishwa na ganda. Ndani ya ganda hilo huota nywele za madini ya bati, nyembamba kuliko za kichwani, hadi ziguse sehemu za ndani. Toa redio kwenye umeme, chomoa mguu wa ganda kwenye bodi, pima kutoka kwenye ganda hadi kila mguu mwingine. Mita isisome kitu. Ikisoma, kata mguu wa ganda, na mara nyingi redio inarudi palepale. Ikigoma, weka AF127, lakini mpangilio wa miguu si uleule, utazame kwenye karatasi yake. Chomelea kwa chuma cha wati 25, ukiushika mguu kwa koleo nyembamba juu ya solda ili joto lisipande. Sekunde 3, basi.

Kama AF zote ni safi, nenda kwenye antena. Bagamoyo chumvi inaila chini ya shina lake. Kutoka nchani hadi pini ya plagi isome karibu na sifuri. Kutoka pini hadi ganda isisome kitu. Usibadilishe waya wake kwa ule wa televisheni: ule una kapasiti kama pikofaradi 67 kwa mita, redio inashindwa kujilinganisha. Ukimaliza, nyoosha antena yote, tafuta kituo dhaifu kwenye kilohezi 1400 hivi, zungusha skrubu ndogo iliyo karibu na tundu la antena hadi sauti iwe kubwa kabisa. Skrubu hiyo peke yake ndiyo unayoruhusiwa kuigusa. Fanya jioni, maana mchana mawimbi ya kati hayafiki mbali.

SWALI: Redio inapiga mluzi unaopanda na mwendo wa injini, na juu yake kuna mipasuko midogo midogo.
*Msomaji, Raskazone, Tanga*

JIBU: Mluzi ni dinamo, mipasuko ni moto wa plagi. Weka kapasita ya maikrofaradi 1 ya kuzuia makelele kwenye terminali kubwa ya dinamo, yenye D, kamwe si F, maana ukiiweka F utaunguza pointi za regyuleta. Ya pili weka kwenye koili ya moto, upande unaotoka swichi ya ufunguo, si upande wa platini. Kofia za plagi ziwe za ohm 5,000. Kabla ya kununua chochote, kwangua kutu kwenye ethi ya injini.