Mahindi ya njano, mvua imekata: urea isubiri

Ndugu wa Urambo, nimekuelewa: mahindi yako yako wiki ya 5, majani ya chini yanageuka njano toka ncha kufuata mshipa wa kati, mvua imekata, na urea (mbolea ya naitrojeni) unayo. Njano hiyo ni njaa ya naitrojeni, lakini usiweke leo! Ikiachwa juu ya udongo bila mvua, sehemu yake inaweza kupotea hewani.

Palilia kwanza, magugu yanakunywa maji ya mahindi. Mvua ikilowesha udongo, weka urea, kizibo kimoja cha soda kwa mashina mawili, sentimita 10 kutoka shina, ufukie. Mchanga wenu hauhifadhi mbolea, kwa hiyo rudia kabla ya mbelewele (maua ya juu ya mahindi) kutoka.

Kingo zikiungua au majani yakiwa zambarau, tatizo ni jingine. Mwite afisa ugani, udongo upimwe.